Kwa nini seli zako huazima herufi kwa bakteria?

Dafu linalochongwa kwa panga kando ya barabara Mombasa lina maji, sukari, potasiamu na chembechembe za kitu kiitwacho kyuini. Bakteria peke yao ndio wanaojua kukitengeneza. Binadamu, mbuzi, hata mnazi wenyewe, hawana jeni za kazi hiyo. Sisi hukipata kwenye maziwa, nyanya, ngano na madafu, na kwa bakteria wanaoishi utumboni mwetu. Tunachohitaji ni kiasi kidogo mno, ila kazi yake iko pale pale protini zinapojengwa.

Ribosomu, mtambo wa seli unaojenga protini, husoma ujumbe wa mRNA (nakala ya jeni) herufi tatu tatu; herufi hizo, A, C, G na U, ni kemikali ndogo zilizopangwa mstari. Kila tatu huitwa kodoni. Hamali anayeleta asidi amino, yaani tofali la protini, ni tRNA, naye ana herufi tatu zake za kulinganisha na kodoni, yaani antikodoni. Kwa mahamali wa histidini, asparajini, aspartati na tirosini, herufi ya kwanza ya antikodoni ni G. Kimeng'enya chenye vipande viwili, QTRT1 na QTRT2, huing'oa G hiyo na kupachika kyuini mahali pake, bila kuukata uti wa tRNA.

Kodoni za asidi amino hizo nne huishia ama C ama U. G hushikana barabara na C, lakini kwa U hulegea. Kyuini hupunguza tofauti hiyo. Ikikosekana, ribosomu husitasita, hasa kwenye kodoni za U. Na protini huanza kujikunja ikiwa ingali inatoka kwenye ribosomu, kwa hiyo mwendo ukivurugika, mkunjo nao huvurugika. Utafiti wa 2018 uliofanywa kwa seli za binadamu na panya ulionyesha hivyo: bila kyuini, protini zilizokunjika vibaya zilirundikana na seli zikawasha mfumo wao wa dharura.

Jaribio la 1997 lilikuwa kali zaidi. Panya waliokuzwa bila bakteria wowote walinyimwa kyuini pamoja na tirosini. Hawakuvuka siku 18. Panya wa kawaida hujitengenezea tirosini kutokana na fenilalanini, asidi amino nyingine, kwa hiyo kukosa tirosini peke yake hakungetarajiwa kuwaua.

Si kila seli tata (yenye kiini) inaijali kyuini, lakini. Hamira ya mahamri, Saccharomyces cerevisiae, haina kimeng'enya cha kuipachika na haiitumii kabisa. Ndugu yake wa mbali, Schizosaccharomyces pombe, huitumia. Ndiyo, hiyo ni pombe yetu: Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 baada ya kuipata kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Ikipewa kyuini, kimeng'enya chake Dnmt2 huongeza alama za methili, vibandiko vidogo vya kemikali, kwenye tRNA ya aspartati.

Maabarani, kosa la kawaida ni kusahau seramu, majimaji ya damu ambayo seli hulishwa. Seramu ya ndama ina kyuini, basi seli "zisizopewa" huwa zimeshapewa. Tumia iliyochujwa kwa dayalisisi, yaani kupitia utando unaoruhusu molekuli ndogo kama kyuini kutoka. Kupima, tRNA hupitishwa kwenye jeli yenye boroneti, kemikali ambayo hunasa kyuini na kuuchelewesha mstari wake. Kwanza ivue tRNA asidi amino zake: pH 9, nyuzi 37 za Selsiasi, dakika 30. Usipoivua, ncha ya tRNA iliyobeba mzigo hainaswi sawa na iliyo tupu, na mistari hutokea mingi kuliko inavyopaswa.