Sesterti: namna ya kusoma sarafu ya shaba ya Roma

Sesterti ilikuwa sarafu ndogo ya fedha hadi Kaisari Augustus alipoigeuza, yapata mwaka 23 K.K., kuwa sarafu nene ya shaba iliyochanganywa na zinki. Ikiwa mpya iling'aa manjano. Uzito wake ni gramu 25 hivi, upana unafika milimita 35, na nne zilitosha kupata denari moja ya fedha.

Upana huo ulimpa mchongaji nafasi ya kutosha. Chukua sesterti moja ya Kaisari Vespasianus. Mbele kuna kichwa chake chenye shingo nene na taji la majani, na ukingoni maandishi IMP CAES VESPASIAN AVG P M TR P P P COS III. Hayo ni vyeo vilivyofupishwa: P M ni kuhani mkuu, TR P mamlaka ya mtetezi wa raia wa kawaida, P P baba wa taifa. Anayetafuta tarehe aende moja kwa moja kwenye COS III, yaani konsuli (cheo cha juu cha uongozi wa Roma) kwa mara ya tatu: mwaka 71 B.K.

Igeuze. Mwanamke ameketi chini ya mtende ameinamisha kichwa, na ng'ambo ya mti amesimama mateka, mikono imefungwa nyuma. Maandishi ni IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa. Yerusalemu ilikuwa imeanguka mikononi mwa Warumi mwaka 70. Herufi S C zilizo chini humaanisha "kwa azimio la seneti", ingawa sifa zote hapo ni za kaisari.

Wengi hukwama kwenye sarafu mbili ndogo zaidi, dupondi na asi. Ukubwa wao unakaribiana. Dupondi ilikuwa ya manjano na asi ya shaba nyekundu, lakini zikikaa ardhini zote huwa kijani au kahawia. Tazama taji: tangu enzi za Kaisari Nero, dupondi nyingi zina taji la miale ya jua, asi zina la majani au kichwa kitupu. Kabla ya Nero kipimo hiki hakisaidii.

Usizisugue, wala usizitie ndimu au siki. Asidi hula lile gamba laini la rangi, na mistari ya nywele na herufi huondoka nalo. Unga wa kijani hafifu unaopukutika ni jambo jingine: chumvi za kloridi zimekutana na unyevu, na shaba inaendelea kuliwa. Itenge sarafu hiyo, iweke pakavu kabisa, kisha umwone mtaalamu wa uhifadhi.