Ugiriki ya Kale na Mapenzi ya Jinsia Moja: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Mjadala wa mapenzi ya jinsia moja unapopamba moto, Ugiriki ya kale haikosi kutajwa, na cha ajabu ni kwamba hutajwa na pande zote mbili. Wapo wanaoilaumu kuwa chimbuko la jambo lenyewe, na wapo wanaoisifu kuwa nchi ambako watu wa namna hiyo waliishi huru bila kubughudhiwa. Maandishi waliyotuachia Wagiriki hayampi ushindi yeyote kati yao.

Dhana: Mapenzi ya jinsia moja yalibuniwa na Wagiriki.

Madai haya yana umri mkubwa kuliko wanaoyarudia wanavyofikiri. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba Waajemi walijifunza mapenzi na wavulana kutoka kwa Wagiriki, na Plato, mwanafalsafa wa Athens, katika kitabu chake cha uzeeni kuhusu sheria, anataja tuhuma kwamba watu wa Krete walitunga hadithi ya Zeus, mkuu wa miungu, kumpenda kijana Ganymede ili wapate kisingizio cha tabia yao. Kumtwika jirani lawama hii, basi, ni desturi kongwe. Hata hivyo, vibao vya udongo vya Ashuru vya karne ya 11 KK hivi, vilivyoandikwa muda mrefu kabla ya Athens kupata umaarufu, vinataja adhabu ya mwanamume aliyelala na mwenzake, na hakuna mtawala anayeweka adhabu kwa jambo ambalo halijawahi kusikika katika nchi yake. Huko China nako, Mfalme Ai wa ukoo wa Han, aliyetawala tangu mwaka 7 hadi mwaka 1 KK, alijulikana kwa mapenzi yake kwa mwanamume aitwaye Dong Xian, pasipo Mgiriki yeyote kuhusika.

Dhana: Wanaume wa Athens walikuwa kama mashoga wa leo.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Uhusiano uliotambuliwa na jamii ya Athens katika karne ya 5 na ya 4 KK ulikuwa kati ya mwanamume mzima na kijana ambaye hajaota ndevu. Mwanamume ndiye aliyetongoza, akipeleka zawadi kama jogoo au sungura tunaowaona wamechorwa kwenye vyungu vya wakati huo, na alitarajiwa kumfunza kijana mwenendo wa raia. Kijana naye alitarajiwa kusitasita na kutoonyesha tamaa. Ndevu zikishaota, uhusiano ulipaswa kugeuka kuwa urafiki, na kijana kwa zamu yake akawa mwanamume wa kuoa na kuzaa watoto halali wa mji. Mtu huyo huyo aliweza kuwa na mke nyumbani na kumwandama kijana uwanjani, na hakuna aliyeona haja ya kumweka katika kundi la watu wa aina ya pekee. Waathens waliuliza juu ya umri, hadhi na uwezo wa kujizuia.

Kwa vipimo vya leo wengi wa vijana hao walikuwa watoto, na sheria za sasa zingeuita uhusiano huo unyanyasaji. Anayetafuta hapo kielelezo cha watu wazima wawili walio sawa hataki kuona kilichoandikwa. Lakini anayeitumia Athens kudai kwamba shoga wa leo ni mwindaji wa watoto anaanguka katika shimo lile lile kutoka upande wa pili, kwa kuwa anachukua desturi iliyojengwa juu ya umri na cheo na kuwavika watu ambao hawakuishi chini yake.

Watu walioivuka desturi hiyo walikuwapo. Katika mazungumzo ya Plato kuhusu karamu iliyofanyika mwaka 416 KK nyumbani kwa mtunzi wa tamthilia Agathon, tunamkuta mgeni mmoja, Pausanias, akiwa bado mpenzi wa Agathon ingawa Agathon ni mtu mzima. Utu uzima huo haukumwepusha Agathon na kejeli: mwaka 411 KK Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, alimfanya mhusika jukwaani na kumcheka mbele ya mji kwa ulaini wake.

Dhana: Hapakuwa na sheria wala aibu.

Timarchus angeshangaa kusikia hivyo. Mwanasiasa huyu wa Athens alishtakiwa na mwanasiasa mwenzake Aeschines mwaka 346 au 345 KK chini ya sheria iliyomkataza raia aliyewahi kuuza mwili wake kuhutubia mkutano wa raia, akashindwa na kupoteza haki zake za uraia. Katika hotuba hiyo hiyo Aeschines anakiri bila haya kwamba yeye mwenyewe amewahi kuwapenda vijana, kwani kosa aliloliona lilikuwa malipo na utovu wa staha. Anataja pia sheria za kuwalinda wavulana, zilizokataza shule kufunguliwa kabla ya jua kuchomoza, na zilizomzuia mtumwa kumtongoza mvulana huru. Nje ya Athens hali ilibadilika mji hadi mji: katika karamu ile ya Plato, Pausanias anasema watu wa Elis na Boeotia walilikubali jambo hili waziwazi, ilhali sehemu nyingi za Ionia, pwani ya Uturuki ya leo, chini ya utawala wa Waajemi, walilihesabu kuwa aibu. Plato naye, katika kile kitabu cha sheria, anaruhusu mhusika wake mkuu aseme kwamba tendo lenyewe ni kinyume cha maumbile.

Dhana: Homer alisema Achilles na Patroclus walikuwa wapenzi.

Homer, mshairi wa kale aliyesimulia vita vya Troya na mashujaa hawa wawili, hakusema. Aliyewafanya wapenzi jukwaani ni mtunzi wa tamthilia Aeschylus, karne kadhaa baadaye.

Dhana: Utambulisho wa kisasa umerithiwa moja kwa moja kutoka Ugiriki.

Uhusiano upo, ila ulitengenezwa Ulaya ya karne ya 19 na wasomi waliofunzwa Kigiriki shuleni huku sheria za nchi zao zikiwatishia jela. Plato alikuwa mwandishi wa heshima ambaye ndani ya kitabu chake waliweza kujiona. Mwandishi Mwingereza John Addington Symonds alichapisha mwaka 1883 nakala 10 tu za utafiti wake juu ya maadili ya Wagiriki, akiwagawia watu aliowaamini, na mwandishi Oscar Wilde, aliyeshtakiwa kwa mahusiano na wanaume, alimtaja Plato kizimbani London mwaka 1895. Walichagua kilichowafaa, na sioni ajabu mtu aliyebanwa kufanya hivyo. Mapenzi ya heshima waliyabeba, watumwa na ubaguzi wa vyeo wakauacha.

Kabla yao, katika miaka ya 1860, mwanasheria Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs alichukua kutoka katika hotuba ya Pausanias jina la mungu wa kike Urania na kulitumia kuwapa jina watu kama yeye, na mwaka 1867 alisimama mbele ya wanasheria mjini Munich kuwatetea hadi kelele zikamzima. Jina lilikuwa la Kigiriki, lakini maelezo yake hayakuwa ya Kigiriki hata kidogo: alifundisha kwamba watu hao huzaliwa hivyo, wakiwa na roho ya kike ndani ya mwili wa kiume. Mwanamume wa Athens aliyemwandama kijana uwanjani, akijihesabu kuwa dume kamili, angelichukulia fundisho hilo kuwa tusi.