Popo wa Kidike na Sifa Ishirini

Kila nikifika mada ya mageuko ya viumbe, hakosi mwanafunzi wa kuninyooshea mkono: "Maalim, hii si inapingana na tuliyosoma chuo cha Kurani?" Nasomesha baiolojia hapa Pemba, na Sifa Ishirini za Mwenyezi Mungu nilizihifadhi kabla sijajua seli ni nini. Namjibu kuwa haipingani, ila pana pahala pagumu.

Kwanza nawapeleka Kidike, kwenye hifadhi ya popo hapa Pemba. Popo wale huning'inia mchana kutwa, wamejifunika mbawa nyeusi kama buibui, manyoya yao ya rangi ya chungwa yakichungulia. Hawapatikani popote ila Pemba. Bara, ng'ambo ya mkondo tu, jenasi yao, yaani kundi lao la aina za karibu, haipo kabisa. Ndugu zao wako Komoro na Bukini, yaani Madagaska. Wazee wao walivuka bahari, bahari ikawatenga, tofauti ndogondogo zikarithiwa kizazi baada ya kizazi hadi wakawa aina yao peke yao.

Sasa, ni sifa ipi iliyovunjika hapo? Ya mwanzo ni wujudi, yaani kuwepo. Mwanafalsafa Ibn Sina alisema kila kisichokuwa Mungu kingeweza kuwepo au kutokuwepo, hivyo kinahitaji wa kukipa wujudi, wala hoja yake haitegemei dunia ilianza lini. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki 1111, alimpinga kwa mengi, lakini naye alifundisha kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake wenyewe, ila kwa uwezo wa Mungu. Kama moto ni hivyo, uteuzi asilia, yaani wenye tofauti zinazowafaa kuishi na kuzaa zaidi, nao ni hivyo hivyo. Mwanasayansi Darwin mwaka 1859 alieleza aina hutokaje katika aina nyengine. Kwa nini pawepo kitu chochote, hilo hakuligusa.

Pagumu ni kwenye dhati, yaani kile kinachokifanya kitu kiwe kilivyo. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliona kila aina ina dhati yake isiyobadilika: popo huzaa popo, basi. Mimi naona dhati yaeleza huyu popo ni nini leo. Haiufungi ukoo wake wote. Na wazo la daraja za viumbe kukaribiana si geni kwetu. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Muqaddima cha 1377, aliandika kwamba mwisho wa kila daraja uko tayari kuwa mwanzo wa daraja inayofuata, na nyani akamweka jirani ya binadamu. Hakuwa Darwin, tusimsingizie.

Wakiniuliza juu ya Nabii Adamu, nawaambia hapo tumeshatoka kwenye falsafa, tumeingia kwenye tafsiri ya aya. Hilo nawapeleka kwa sheikh, na mimi mwenyewe hukaa nao pale msikitini nikasikiliza.