Je, Wajua Bendi ya Chuo Hufanya Nini Uwanjani Mapumziko Yakiisha?

Katika vyuo vikuu vya Marekani, mechi ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili unaobebwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu, huambatana na bendi ya wanafunzi. Hao ni vijana mia mbili, mia tatu au zaidi, waliovalia sare zenye asili ya kijeshi, wakiwa na tarumbeta, tromboni, ngoma na yale mabomba makubwa ya shaba yanayozungushwa mwilini na kulazwa begani, yaitwayo susafoni. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi ya bendi hiyo ni kuburudisha watu wakati wa mapumziko, na kwamba kipindi cha pili kikianza, kazi yake imekwisha. Nadhani wengi walioiona kwenye televisheni tu wanaamini vivyo hivyo, kwa sababu picha zinazotufikia ni zile za gwaride katikati ya uwanja.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha kosa la dhana hiyo. Mapumziko ya mechi ya vyuo ni dakika 20, na mara nyingi bendi za pande zote mbili hugawana muda huo. Mechi nzima, kwa upande mwingine, huchukua takriban saa tatu na nusu, ingawa saa rasmi ya mchezo ni dakika 60 tu. Muda uliobaki huenda wapi? Huenda kwenye vituo. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani mita 9 hivi. Kila jaribio humalizika kwa sekunde chache, kisha wachezaji huinuka, hupangana upya, na saa ya kuhesabu sekunde 40 huanza kukimbia kabla ya jaribio linalofuata. Shabiki wa soka huimba huku mpira ukitembea. Shabiki wa mchezo huu hutazama sekunde tano na kungoja nusu dakika, mara mia na zaidi kwa siku moja, na katika kungoja huko ndiko bendi inakofanyia kazi yake kubwa.

Kwa hiyo bendi hukaa jukwaani ikiwa imebanana mahali pamoja, na mwongozaji wake huufuatilia mchezo kwa makini kama kocha. Timu yao ikipata yadi zake 10, hupigwa kipande kifupi cha sekunde chache. Ikifunga, hupigwa wimbo wa chuo, ambao kila mhitimu uwanjani anaujua kwa moyo. Wapinzani wakifikia jaribio la tatu, ambalo aghalabu ndilo la kuamua kama watautema mpira au watauendeleza, ngoma huanza kunguruma na majukwaa hunguruma pamoja nazo. Lakini timu ya nyumbani ikishambulia, bendi hunyamaza mapema, kwa kuwa wachezaji wake wanahitaji kusikia maagizo yanayotamkwa kwa sauti. Ukimya huo ni sehemu ya kazi pia, na si wa hiari tu: kanuni za mchezo wa vyuo zinakataza bendi kupiga kelele za kuizuia timu isisikie ishara zake. Kipande kinaweza kukatwa katikati ya noti kwa mkono mmoja tu kushushwa, na vijana mia tatu wakanyamaza papo hapo.

Chimbuko la bendi hizi ni jeshi. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iliwezesha kuanzishwa kwa vyuo vilivyotakiwa kufundisha pia mbinu za kijeshi, na penye makuruta hapakosi ngoma ya kupigia hatua. Wasomaji wa pwani yetu wanao ndugu wa mbali wa bendi hizo: beni, ngoma iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na bendi za Kizungu, ikiwa na sare, vyeo na mashindano ya mtaa kwa mtaa. Huko Marekani, vyuo vya Illinois na Purdue vyote hutaja mwaka 1907 kuwa mwanzo wa jambo jipya, kimoja kwa onyesho la mapumziko na kingine kwa kuunda herufi kwa miili ya wanamuziki uwanjani.

Jambo lililonishangaza kuliko yote, hata hivyo, ni la fizikia. Nilidhani wanamuziki hushika mapigo kwa kusikilizana, na kwamba yule kiongozi aliyesimama juu ya jukwaa dogo akipunga mikono ni pambo la gwaride. Kumbe uwanjani sikio ni shahidi mchelewaji.

Fikiria wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana. Michi haigongani, kwa sababu kila mmoja anasikia na kuona wenzake bila kuchelewa. Sasa mhamishe mmoja wao hadi ng'ambo ya bonde, mpe kinu chake, na umwambie afuate mapigo ya wenzake kwa kusikiliza. Wewe uliyebaki huku utauona mchi wake ukishuka, kisha baada ya kitambo ndipo usikie kishindo. Yeye naye ametwanga kufuata kishindo chenu ambacho kilimfikia kikiwa kimechelewa, kwa hiyo sauti yake inakurudia ikiwa na ucheleweshaji wa mara mbili. Mkiamua kumngojea, mapigo yenu yatapungua kasi. Naye akisikia mmepunguza, atapunguza zaidi.

Bendi iliyotawanyika uwanjani imo katika hali hiyohiyo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na uwanja una yadi 100, yaani mita 91.44, kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli. Umbali huo huichukua sauti karibu sekunde 0.27. Katika muziki wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo mpiga tarumbeta wa mwisho wa uwanja anayefuata sikio lake atakuwa nyuma kwa zaidi ya nusu pigo. Dawa ya kwanza ni jicho. Mwanga haucheleweshwi na umbali kama huo, na ndiyo maana mikono ya kiongozi hutazamwa hata na mwanamuziki anayerudi kinyumenyume kwa hatua nane katika kila yadi tano.

Lakini jicho peke yake halitoshi. Hata wote wakipuliza kwa wakati mmoja kabisa, sauti ya walio nyuma itamfikia msikilizaji baada ya ile ya walio mbele. Hapo ndipo linapokuja suluhisho ninalolipenda: wapiga ngoma huwekwa nyuma, katikati, wakichukua mapigo kutoka kwa kiongozi kwa macho, na walio mbele yao huelekezwa kupiga pale mlio wa ngoma unapowapitia. Ni kama basi linaloanza safari kituo cha mbali na kuokota abiria njiani. Kila mmoja amepanda kwa wakati wake, lakini kituo cha mwisho wote wanashuka pamoja, na kituo hicho cha mwisho ni sikio la mtazamaji wa jukwaa la mbele. Walio pembeni kabisa huendelea kutegemea macho zaidi. Mpango huu una gharama yake: aliyekaa jukwaa la upande wa pili, nyuma ya bendi, husikia muziki uliochanikachanika, kwa kuwa kwake basi linakwenda kinyume.

Ukishaelewa hilo, utaelewa pia kwa nini mechi ikiendelea bendi hubanana pembe moja ya jukwaa. Ikiwa kundi dogo, ucheleweshaji kati ya wanamuziki wenyewe hauna uzito. Umati ndio uliotawanyika: katika viwanja kama vya Michigan na Ohio State, vinavyochukua zaidi ya watu 100,000, mtu wa upande wa pili huisikia bendi ikiwa imechelewa pengine nusu sekunde, na makofi ya uwanja mzima hayawezi kulingana. Vipande vifupi, vyenye nafasi ya umati kujibu kwa neno moja, huvumilia kasoro hiyo, kwa kuwa ukelele ulioburutika kidogo bado ni ukelele, ilhali kofi lililochelewa ni kofi lililopotea.

Je, bendi husaidia timu kushinda? Hapa inafaa kwenda polepole. Timu za nyumbani hushinda zaidi, lakini faida ya nyumbani ina mambo mengi ndani yake: uchovu wa safari kwa wageni, mazoea ya uwanja, hata mwamuzi anayezongwa na umati. Kuitenga tarumbeta na yote hayo ni kazi ngumu. Kilicho wazi zaidi ni kwamba bendi huwapa watu sababu ya kubaki. Katika vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, kama Southern cha Louisiana na Florida A&M, mechi ina robo nne kwa kanuni, lakini mashabiki huhesabu ya tano. Wachezaji wanakuwa wameshaingia vyumba vya kubadilishia nguo, matokeo yameshajulikana, na bendi mbili zinakabiliana kutoka majukwaani, moja ikimaliza na nyingine ikijibu, huku maelfu ya watu wakiwa bado wamesimama kwenye nafasi zao.