Je, wajua kwa nini waandishi wa Urusi wana siku mbili za kuzaliwa, na Nabokov ana tatu?

Kila tarehe 6 Juni wapenzi wa mashairi ya Alexander Pushkin huweka maua kwenye sanamu zake, na tangu mwaka 2010 Umoja wa Mataifa nao huiadhimisha siku hiyo kuwa Siku ya Lugha ya Kirusi. Hata hivyo, anayesoma wasifu wa mshairi huyo, ambaye baba wa babu yake mzaa mama, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyepelekwa akiwa mtoto kwa mfalme Peter Mkuu, atakuta tarehe mbili zimeandikwa sambamba: 26 Mei 1799 na 6 Juni 1799. Leo Tolstoy ana 28 Agosti na 9 Septemba 1828. Vladimir Nabokov, aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1899, amewashinda wote, kwani anatajwa kuzaliwa tarehe 10, tarehe 22 na tarehe 23 Aprili.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba kalenda ya zamani ya Urusi ilikuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13, basi ongeza 13 na mambo yamekwisha. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Nusu ya pili ni kosa ambalo limeingia hata katika maandishi ya watu makini, na ndilo linalostahili kufafanuliwa kwa utulivu.

Kalenda inayozungumziwa iliwekwa na Julius Caesar mwaka 45 kabla ya Kristo. Ni Kaizari yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alimleta katika Kiswahili alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha, na nchi za Kikatoliki kama Hispania na Ureno zikafuata papo hapo. Uingereza ilikubali mwaka 1752. Urusi ilisubiri hadi mwaka 1918.

Kilichokuwa kikirekebishwa ni kitu kidogo mno. Kaizari aliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na saa sita kamili, na saa hizo sita zikikusanywa kwa miaka minne huzaa siku ya ziada, yaani 29 Februari ya mwaka mrefu. Lakini mwaka halisi wa majira ni siku 365, saa 5 na takriban dakika 49. Kalenda ilikuwa ndefu kupita jua kwa dakika 11 hivi kila mwaka. Fikiria saa ya ukutani inayochelewa dakika moja kwa siku: leo huoni tofauti, kesho huoni, lakini baada ya miezi miwili imebaki nyuma saa nzima. Fundi anayeitwa kuitengeneza ana kazi mbili. Kwanza ataisogeza mishale mbele ili ioneshe saa ya kweli. Akiishia hapo, baada ya miezi miwili mingine ataitwa tena, kwa hiyo inambidi pia afungue mgongo wa saa na kurekebisha mwendo wake. Gregori alifanya yote mawili. Alisogeza mishale kwa kuamuru kwamba Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ifuatwe na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Kisha akarekebisha mwendo: miaka ya kufungia karne, kama 1700, 1800 na 1900, isiwe mirefu tena, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400, kama 1600 na 2000.

Urusi, iliyobaki na saa ya zamani, iliendelea kuuhesabu kila mwaka wa kufungia karne kuwa mrefu, na hapo ndipo jibu la siku 13 linapovunjika. Kila mara 29 Februari ilipokuwapo kwa Warusi na kukosekana kwa wenzao wa Magharibi, pengo liliongezeka kwa siku moja. Lilikuwa siku 10 hadi mwaka 1700, likawa 11 katika karne ya 18, likawa 12 katika karne ya 19, na likafika 13 mwaka 1900. Namba 13 imezoeleka kwa sababu ndilo pengo lililokuwapo serikali mpya ya Urusi ilipobadilisha kalenda: watu walilala usiku wa 31 Januari 1918 na kuamka asubuhi ya 14 Februari. Vilevile Mapinduzi ya Oktoba, yaliyotokea 25 Oktoba 1917, huadhimishwa 7 Novemba. Wengi walijifunza hesabu hiyo, kisha wakairudisha nyuma kwa watu waliozaliwa wakati pengo lilikuwa dogo zaidi.

Ukimwongezea Pushkin siku 13 utapata 8 Juni, na utakuwa umekosea kwa siku mbili. Swali sahihi ni hili: asubuhi ileile alipozaliwa Moscow, mtu wa London alikuwa akiandika tarehe gani kwenye barua yake? Alikuwa akiandika 6 Juni, kwa sababu mwaka 1799 pengo lilikuwa siku 11. Kinachovutia ni kwamba maisha ya Pushkin yenyewe yalivuka mpaka. Alipofariki baada ya kupigwa risasi katika pambano la bastola, kalenda ya Urusi ilisema 29 Januari 1837, na ya Magharibi ilisema 10 Februari, tofauti ya siku 12. Tolstoy naye alizaliwa pengo likiwa 12 na kufariki likiwa 13: 7 Novemba 1910 ya kwao ilikuwa 20 Novemba kwingineko. Anayetumia namba moja kwa wasifu wote wa mmoja wao hawezi kupata tarehe zote mbili sawasawa.

Nabokov ndiye aliyenaswa vibaya zaidi. Alizaliwa 10 Aprili 1899 kwa kalenda ya Kirusi, wakati pengo lilikuwa siku 12, kwa hiyo tarehe yake ya Magharibi ni 22 Aprili. Lakini kabla hajatimiza mwaka mmoja pengo likawa 13, na kila 10 Aprili familia yake iliposherehekea, Ulaya ilikuwa 23 Aprili. Walipokwenda uhamishoni waliongeza siku 13 bila kusita, na 23 Aprili ikaingia hata katika pasipoti yake. Katika utangulizi wa toleo lililorekebishwa la kumbukumbu zake, Speak, Memory, mwenyewe aliliita jambo hilo kosa kubwa, akaongeza kwamba tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa ya Shakespeare pia. Kwa maoni yangu 22 Aprili ndiyo siku aliyozaliwa, bila ubishi. Ila 23 si tarehe ya kubuni, kwa kuwa utotoni hakuwahi kusherehekea siku nyingine.

Huo ujirani na Shakespeare nao una nyufa. Kinachojulikana kwa maandishi ni kwamba Shakespeare alibatizwa 26 Aprili 1564. Tarehe 23 ni mapokeo tu. Isitoshe, Uingereza ya wakati huo ilikuwa bado kwenye kalenda ya Kaizari. Ndiyo maana pia si kweli kwamba Shakespeare na mwandishi wa Hispania, Cervantes, walifariki siku moja, ingawa wote wanatajwa kwa 23 Aprili 1616. Hispania ilikwisha kubadilisha kalenda, hivyo Shakespeare alifariki siku 10 baada ya 23 Aprili ya Wahispania, na Cervantes inaelekea alifariki tarehe 22 akazikwa tarehe 23.

Tarehe ya mtu ikishabadilishwa mara moja kwa pengo la siku aliyozaliwa, haihami tena. Sikukuu za kanisa ni jambo jingine, kwa sababu Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi bado linafuata kalenda ya Kaizari, na Ethiopia ina utaratibu uleule wa mwaka mrefu kila baada ya miaka minne. Krismasi yao, ambayo sasa huangukia 7 Januari, itasogea hadi 8 Januari baada ya mwaka 2100 wasipobadilisha kalenda, ilhali Pushkin atabaki na 6 Juni yake.

Hata hiyo 6 Juni inategemea ushahidi wa namna mbili usiolingana kikamilifu. Daftari la kanisa la Epifania la Yelokhovo, Moscow, alikobatizwa, limeandika kuzaliwa kwake chini ya tarehe 27 Mei, ambayo ingetupa 7 Juni. Mapokeo yanasema alizaliwa Sikukuu ya Kupaa Bwana, ambayo huwa siku ya 40 ya Pasaka, na Pasaka ya Kiorthodoksi mwaka 1799 ilikuwa 17 Aprili. Ukihesabu kuanzia hapo unafika 26 Mei, na waandishi wa wasifu wake wameifuata sikukuu badala ya daftari.