Je, wajua? Mbu ana kazi gani zaidi ya kutunyonya damu

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani Makorora, hapa Tanga, umeme umekatika, swala ya magharibi imekwisha. Mpwa wangu akajipiga kofi shingoni, akatazama kiganja, akauliza: "Mjomba, hivi huyu mbu Mungu kamuumba afanye nini?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ikawa wiki, maana nilipoanza kulifuatilia swali lake niliona lina kasoro: limechukulia kwamba kuna mbu mmoja. Wanaojulikana duniani ni aina zaidi ya 3,500, na wengi wao hawana habari na sisi kabisa. Wako wanaofuata ndege, wako wanaonyonya vyura, na wako wasioonja damu maisha yao yote.

Nenda Sahare maji yakiwa yamekupwa, usimame penye mikoko utazame mashimo ya kaa. Ndani ya mashimo yale kuna maji kidogo ya chumvi, na humo anazaliwa mbu mmoja wa ajabu. Wanasayansi wanamwita Aedes pembaensis, kwa jina la kisiwa cha Pemba. Mbu huyu hahangaiki kutafuta maji ya kutagia. Humvizia kaa, akambandika mayai kwenye magando na miguu. Kaa akirudi shimoni kwake anayashusha mayai majini bila kujua kwamba amebeba mzigo wa mtu. Jambo hili liligunduliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1950, na mimi nimekula kaa miaka yote hii bila kuambiwa.

Yuko mwingine wa misituni na mashambani, mkubwa kuliko mbu uliyemzoea, anayeng'aa rangi kama nzi wa kijani, mdomo umepinda kama ndoana. Jamii yake inaitwa Toxorhynchites. Hutaga kwenye matundu ya miti na hata kwenye vifuu vya nazi, na viluwiluwi vyake huwala viluwiluwi vya mbu wengine. Kwa kuwa ameshiba nyama tangu utotoni, akikua ana akiba ya kutosha kutengeneza mayai, hivyo jike lake haliumi mtu. Ukimwona usimpige, ingawa nakiri kwamba mkono huwa unatangulia akili.

Hapo ndipo siri ya damu ilipo. Mbu, dume kwa jike, huishi kwa maji matamu ya maua na utomvu wa mimea. Damu si chakula chake cha kila siku. Ni jike tu anayeitaka, tena kwa ajili ya mayai, kwa sababu ndani yake kuna protini isiyopatikana katika maua. Mlo mmoja wa damu unaweza kumpa mayai kati ya 50 na 200. Dume hana hata mdomo wa kutoboa ngozi.

Katika kuzunguka kwenye maua, mbu huchavusha mimea kadhaa. Ila hapa pana uvumi unaorudiwa sana, kwamba bila mbu tusingekuwa na chokoleti. Si kweli. Wanaochavusha maua ya kakao ni usubi, vidudu vidogo vilivyo ndugu wa mbu kwa mbali. Tumpe mbu sifa zake, lakini tusimwibie usubi za kwake.

Kazi yake kubwa ni kuliwa. Viluwiluwi huchuja majini vijidudu, mwani na takataka zilizooza, navyo huwa chakula cha samaki wadogo na watoto wa kereng'ende. Wakipata mabawa wanaliwa na popo, mbayuwayu, vyura na yule mjusi anayekaa karibu na taa ya ukumbini kwako. Huko Ziwa Victoria kuna buibui mdogo, Evarcha culicivora, anayemchagua mbu aliyekwisha kunywa damu na kumwacha mwenye tumbo tupu. Yaani na yeye anataka damu, ila anamtuma mwenzake akaichote.

Kwa hiyo, wakitoweka wale wanaotuua sisi, dunia itaharibika? Kwa maoni yangu, kidogo sana. Popo akikosa mbu atakula nondo, na hakuna mnyama anayejulikana kumtegemea mbu wa malaria peke yake. Katika jamii ya Anofelesi zipo aina zaidi ya 400, na zinazoeneza malaria kwa kiasi cha kutisha ni kama 40. Hao hawalindi msitu wowote. Ni wapangaji wetu, wanaishi kwa madimbwi yetu, makaro yetu na miguu yetu.

Hapa Tanga wapangaji hao ni wa namna tatu, na ukiwachanganya utajikinga na mmoja huku unaumwa na mwingine.

Wa kwanza ni Anofelesi, wa malaria. Akitua ukutani huinua makalio juu kama anayesujudu. Anapenda maji yaliyotulia yasiyo na uchafu mwingi: dimbwi la mvua, jaruba la mpunga, hata alama ya kwato za ng'ombe. Huku pwani yuko ndugu yao, Anopheles merus, anayestahimili hata maji ya chumvi. Huyu ni wa usiku, na wewe ukiwa umekaa barazani hupenda kuuma vifundo na nyayo. Wazee wanaojifunika kanga miguuni jioni wanajua wanachokifanya, ila kanga ni nyepesi na mdomo wake hupenya. Soksi ni bora zaidi.

Wa pili ni Kuleksi, yule anayekuimbia sikioni ukitaka kulala. Makao yake ni maji machafu: makaro, mashimo ya vyoo, mitaro iliyoziba. Pwani yetu inamjua kwa matende na mabusha. Minyoo ya ugonjwa ule ina tabia ya ajabu. Watoto wake hujificha ndani ya mwili mchana, kisha hujitokeza kwenye damu ya juu usiku, saa zilezile mbu huyu anapouma. Ndiyo maana wapimaji wa matende walikuwa wakipita majumbani usiku kuchukua damu, na watu wakawasingizia mengi. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga punje nyepesi za plastiki, zile za kufungashia vitu, kwenye mashimo ya vyoo. Zikaelea na kufunika maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wakakosa pa kutagia.

Wa tatu ni Aedes, mweusi mwenye mapete meupe miguuni, na huyu huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Anabeba dengi na chikungunya. Jina chikungunya limetoka kwenye Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huko Newala, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo. Dengi nayo inasemekana imetokana na kidingapopo cha Kiswahili. Mbu huyu anataka maji safi kwenye vyombo: pipa, ndoo, tairi bovu, sahani ya chungu cha maua, kifuu, hata kizibo cha chupa. Mayai yake hung'ang'ania ukingo wa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, chombo kisuguliwe kwa brashi, halafu kifunikwe.

Sasa kinga. Chandarua chenye dawa bado ndicho silaha kubwa kwa wale wawili wa usiku. Kichomekwe chini ya godoro, na matundu yashonwe. Kwa yule wa mchana hakikusaidii, isipokuwa una mtoto anayelala adhuhuri. Kwenye nyumba, tazama upenyo kati ya ukuta na bati, kwani mbu wa malaria huufuata ule kama mlango wake. Ukiuziba, ukaweka dari na wavu madirishani, umefanya jambo kubwa.

Mbu anakutafuta kwa pumzi unayotoa, joto la mwili na harufu ya ngozi yako. Dawa za kujipaka zenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, humvurugia harufu hiyo, nazo hupakwa kwenye ngozi iliyo wazi, si chini ya nguo. Feni nayo inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mbu ni mrukaji dhaifu na upepo hutawanya harufu yako. Udi wa kuchoma hufukuza mbu, lakini moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa unaingia kwenye mapafu ya mtoto pia. Kivumbasi kina harufu ambayo mbu haipendi, ila haidumu usiku kucha. Zile programu za simu zinazodai kutoa mlio wa kumfukuza mbu ni za kumfukuza mwenye simu tu.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka ushahidi. Tukaenda nyuma ya nyumba, penye lundo la vifuu vya nazi vya jikoni, na tukavikuta saba vina maji, vitatu vina viluwiluwi. Vyote tukavimwaga, isipokuwa vya kifuu kimoja alivyovihamishia kwenye chupa, akafunga mdomo kwa kipande cha chandarua cha zamani. Siku ya tatu alfajiri aliniamsha. Mbu mmoja alikuwa ametoka, katulia kwenye ukingo wa chupa, miguu ina mapete meupe.

"Huyu wa mchana," akasema. Kisha akaenda kwa mama yake kuuliza kama shuleni wanaruhusu soksi ndefu.