Mtungi unaisha kabla ya zamu

Wimbi la corona la aina ya Delta lilipotufikia Dar es Salaam mwaka 2021, hesabu iliyonikaa kichwani usiku kucha ilikuwa ya mitungi. Mtungi mkubwa wa wodini, ule unaomfika mtu kifuani, huwa na takriban lita 6,800 za oksijeni. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika anakaa nao karibu siku nzima. Akipandishwa hadi lita 15, kwa barakoa yenye mfuko, mtungi uleule unakauka ndani ya saa 7 na nusu. Zamu yangu ya usiku ni saa 12. Ukiwa na wagonjwa sita wa namna hiyo, mitungi sita haikufikishi alfajiri, na lori la mitungi halifiki upesi eti kwa kuwa umelipigia simu ukilia.

Ndiyo maana kila nikiulizwa familia isaidieje hospitali, jibu langu linaanzia kwenye muda. Anayeletwa oksijeni ya damu ikiwa asilimia 89 mara nyingi hutulia kwa lita chache. Anayeletwa ikiwa 65 atamaliza mtungi wake, aanze na wa jirani, na huenda tusimwokoe.

Namkumbuka mzee mmoja aliyeletwa na mkwewe. Nilipomwekea kipimo kidoleni kikasoma 68, yule mama alinikatalia waziwazi. "Daktari, asubuhi kanywa uji, tumeongea vizuri tu!" Hakuwa anadanganya. Corona ina ujanja huo: oksijeni inashuka mwilini bila mtu kuhisi kwamba anakosa pumzi, na kwa wengi mambo huharibika kati ya siku ya tano na ya kumi tangu dalili zianze, pale ambapo nyumbani wameshaanza kusema anapona. Halafu mtaani tulishajipa jina la upole, "changamoto ya upumuaji". Changamoto mtu huisubiri ipite.

Kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinafaa kuwa nacho nyumbani kama kuna mzee, au mtu wa presha au sukari. Lakini kitumike vizuri. Mgonjwa akae atulie dakika tano, mkono uwe na joto, rangi ya kucha itolewe. Na bibi harusi wetu wa Pwani, piko nayo inaweza kuvuruga usomaji, tafuteni kidole kisichopakwa. Subirini namba itulie ndipo muisome. Namba ziko mbili, moja ya oksijeni na nyingine ya mapigo ya moyo. Nimewahi kuamshwa saa nane za usiku na shemeji yangu akipiga kelele kwamba mama yake ana 72. Yalikuwa mapigo. Oksijeni ilikuwa 97, mama mwenyewe amelala fofofo.

Kuna jambo jingine ambalo hawaliandiki kwenye boksi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba vipimo hivi huwapa watu weusi namba nzuri kuliko hali yao halisi: oksijeni iliyoshuka kweli ilipita bila kugunduliwa karibu mara tatu zaidi kwao kuliko kwa wazungu. Kwa hiyo mimi siwaambii watu wangu wasubiri 90. Andikeni namba asubuhi na jioni. Aliyekuwa 97 juzi, leo ana 94 na inazidi kuteremka, aanze safari. Au mtembezeni hatua 40 humo ndani. Ikishuka kwa 3 au zaidi, msingoje kesho. Chini ya 90 ni dharura. Na midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa, au akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, achaneni na kipimo, mleteni.

Mwenye homa, kikohozi na mwili kuuma, ila oksijeni iko sawa na anakula, mara nyingi anapona nyumbani kwa maji, parasetamoli na kupumzika. Akija kupanga foleni na sisi anaambukiza wengine bure. Ninachoomba asifanye ni kununua deksamethazoni duka la dawa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha dawa hiyo inaokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji haikuonyesha faida, na mwenye sukari itampandisha vibaya. Kujifukiza nako sikugombani na bibi yangu, lakini watu watano ndani ya blanketi moja na sufuria ya maji yanayochemka ni kuunguana na kuambukizana kwa pamoja.

Najua wengi tunaishi chumba na sebule, kwa hiyo nikisema "mtengeni mgonjwa" naonekana mtu wa Masaki, kwenye majumba makubwa. Basi fanyeni hivi: alale upande wa dirisha, lifunguliwe mchana na usiku, neti ya mbu ikiwepo. Feni igeuzwe ipulize nje, isizungushe hewa yake chumbani. Ahudumiwe na mtu mmoja, kijana mwenye afya, wote wawili wakiwa na barakoa wakati wa kulishana. Kirusi hiki kinaelea hewani, ndoo ya kunawia peke yake haitoshi. Wazee na wagonjwa wa kudumu wapate chanjo pale inapotolewa. Tangu zilipoanza kutolewa hapa nchini mwishoni mwa Julai 2021 sijaona sababu ya kubadili kauli hiyo.

Mkija, aje ndugu mmoja. Najua kumwona mgonjwa ni heshima, lakini ndugu wanane kwenye wodi iliyojaa ni mapafu manane ya ziada. Njooni na dawa zote anazotumia, chaja ya simu, na kile kikaratasi cha namba za oksijeni, kinanifaa kuliko maelezo marefu. Na kwenye gari mgonjwa akae wima, msimlaze chali kiti cha nyuma.